AR88 ya marehemu mjomba: niifufue ilivyotoka kiwandani au niichakachue?

mwana_tanga

Habari za jioni wakuu. Naombeni mawazo maana hapa nyumbani kila mtu ana lake na mimi mwenyewe sijui nishike lipi. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa mitambo ya mawasiliano bandarini enzi za Jumuiya ile ya kwanza, na alikuwa mtu wa redio haswa, akitoka kazini ni hedifoni masikioni mpaka usiku mkubwa. Ameacha risiva (redio ya kupokea tu) moja ya kampuni ya RCA, AR88D, tulilitoa stoo watu wawili na bado tukapumzika njiani. Mkaza mjomba anasema alilinunua kwenye mnada wa vitu chakavu, na yeye anataka liondoke tu, linamjazia nafasi.

Hali yake sasa. Kasha limeshika kutu chini na pembeni, hewa ya Tanga mnaijua. Paneli ya mbele iko vizuri, nobu zote zipo, kioo cha namba hakijapasuka. Nilipofungua nikakuta vitu vitatu ambavyo kwenye mchoro nilioupata mtandaoni havipo. Kwenye paneli kuna tundu la duara limekatwa, imefungwa mita ndogo ya sindano. Chini ya chesisi kuna kipande cha bati kimekunjwa kimebeba kivalvu cha pini 7 kimeandikwa 6BE6, na pembeni kwa penseli mwandiko wa mjomba, "SSB". Halafu pale kwenye soketi ya 5Y3GT (valvu ya kugeuza umeme wa AC kuwa DC) hakuna valvu, kumechomekwa kitako kitupu cha valvu ambacho ndani yake kuna daiodi mbili.

Nia yangu ni kusikiliza, najiandaa kuomba leseni ya redio ya ridhaa na nataka niwasikie watu kwenye mita 40 na mita 20. Fundi mmoja Kariakoo nilimtumia picha akanambia toa matumbo yote, weka ampli ya Bluetooth na taa za rangi, hoteli watalinunua. Rafiki yangu mwingine anasema ng'oa vyote alivyoweka mjomba, rudisha kama ilivyotoka kiwandani. Na mimi nilikuwa na wazo la tatu, niongeze vyangu, mfano onyesho la namba za dijitali na soketi ya antena ya kisasa hapo mbele. Sijaiwasha bado.

kiti_cha_mbele

Nimekaa pale nasubiri wajuzi. Ila huyo wa Bluetooth asogee mbali kidogo na hiyo redio.

mawimbi_nrb

Pole kwa msiba kijana. Na umefanya vizuri sana kutoiwasha, endelea hivyo hivyo, nitakuambia kwa nini.

Kwanza ujue umeshika nini. AR88 ilitengenezwa na RCA Marekani wakati wa vita vya pili, nyingi zilipelekwa Uingereza na Urusi, zikafanya kazi kwenye vituo vya kusikiliza mchana na usiku. Vita vikaisha, Waingereza wakaziuza kama mali ya ziada na mahamu (watu wa redio ya ridhaa) wa huko wakazigombania. Uzito wake karibu kilo 45, valvu 14. Kuna hatua mbili za RF (za kukuza mawimbi ya antena) kabla ya mikisa (inayobadilisha masafa) na tatu za IF (masafa ya kati), na hizo zote tano ni 6SG7, valvu aina moja, kwa hivyo ukiwa na akiba ya valvu mbili tatu umejikinga. IF ni 455 kHz. Ile ndugu yake AR88LF ni nyingine, IF ya ile ni 735 na inashuka mpaka masafa marefu, usichanganye michoro.

Sasa kuhusu kuchakachua, mimi niko upande wa mjomba wako. Hizi redio hazikutengenezwa zikae kwenye kabati la vioo, zilikuwa vyombo vya kazi, na ham wa zamani alikuwa akinunua AR88 kitu cha kwanza anachofanya ni kushika drili. SSB (kurusha sauti kwa upande mmoja tu wa mawimbi) ilipoingia na AM ikaanza kupotea kwenye bendi, risiva zote za zamani hizi zikaonekana viziwi, sio kwa sababu ni mbaya, ni kwa sababu diteka yake (sehemu inayotoa sauti kwenye mawimbi) ni daiodi ya AM tu na BFO (kijenereta cha ndani cha kusaidia kusikia SSB) inaingiza nguvu kidogo mno. Ile 6BE6 aliyoweka mjomba ni diteka ya SSB yenyewe, ni kazi iliyokuwa ikifanywa na watu wengi na inafanya tofauti kubwa. Ukiing'oa unapata nini? Redio "asili" ambayo haiwasikii vizuri watu unaotaka kuwasikia. Mimi ningeacha kila kitu chake na ningeongeza na zangu.

Hizo kapasita za karatasi badilisha zote bana, usijadiliane nazo.

bu_salim_mct

Assalam alaykum. Mimi niko Maskati na ninazo za namna hii kadhaa, pamoja na HRO (risiva nyingine ya zamani), kwa hiyo niruhusuni nipingane na ndugu yangu wa Nairobi kwa heshima.

AR88 ambayo haijaguswa inazidi kuwa adimu kila mwaka kwa sababu hiyo hiyo anayoisema, kila mtu alishika drili. Redio za SSB ziko tele, kwa pesa ndogo unapata kiboksi cha SDR (redio inayoendeshwa kwa programu) kinachoingia kwenye kompyuta na kinasikia SSB vizuri kuliko AR88 yoyote iwe na 6BE6 au isiwe nayo, huo ndio ukweli. Sasa kama kusikia SSB ndio shida yako ya kweli, nunua kiboksi, na hii redio iache iwe AR88. Rudisha 5Y3GT yake, toa bati, toa mita, lile tundu lizibe kwa duara la bati la unene ule ule, lipakwe rangi ya kufanana, mtu akisimama hatua mbili haoni. Paneli yenyewe usiipulizie rangi mpya wallahi, maandishi yake ukishayafunika huyarudishi. Kasha sawa, lipige msasa lipake.

Na hilo wazo la kutoboa paneli uweke soketi ya antena mbele, ndugu yangu, nakuomba.

dada_ohm

Nawasalimu wote. Nimewasoma nyote wawili na naona mnazungumza kama vile vitu vitatu vya mjomba ni kitu kimoja, vyote vikae au vyote vitoke. Mimi ningeviangalia kimoja kimoja.

Daiodi kwenye soketi ya 5Y3: hizo zitoke, na wala sio kwa ajili ya uasili. 5Y3 inakula volti nyingi yenyewe wakati inafanya kazi, daiodi za silikoni hazili karibu chochote, kwa hiyo HT (volti kubwa za kuendesha valvu) iliyopaswa kuwa karibu volti 250 inapanda kwa makumi ya volti. Ongeza na umeme wetu ambao siku nyingine unapiga 245 au zaidi, basi transfoma, kapasita na valvu zote zinafanya kazi kwenye joto ambalo mchoraji hakulipanga. Pengine mjomba alikosa 5Y3 mjini akafanya alichoweza, ndivyo ilivyokuwa, bidhaa zilikuwa hazipatikani. Lakini wewe unaipata. Uzuri hakukata waya wowote, alichomeka tu kwenye soketi, unachomoa unachomeka valvu, imekwisha.

6BE6: inategemea alivyoifunga. Kama ameshikiza bati kwenye skrubu zilizokuwepo na waya zinaunganishwa kwenye pini bila kukata za kiwandani, iache, hakuna aliyeumia. Kama kwa ajili yake aling'oa ile noizi limita (kipunguza kelele), hapo ni mjadala mwingine, tupe picha.

Mita: tundu limeshakatwa. Ukiitoa mita unabaki na tundu. Bu Salim anaweza kuziba likapendeza, sawa, lakini mimi napenda kuona mita inayocheza kuliko kiraka kilichopakwa vizuri, na AR88D nyingi zilitoka bila mita ya S (ya kuonyesha nguvu ya mawimbi) kwa hiyo alichoongeza kina kazi. Hapa ni ladha ya mtu tu.

Vya kwako wewe kijana, onyesho la dijitali na soketi mbele, hapana. Onyesho liweke nje kwenye kiboksi chake, achana na paneli. Soketi ya antena ifunge kwenye kipande cha bati nyuma, kwenye skrubu za terminali za zamani. Kipimo changu mimi ni hicho tu, kama naweza kukitoa kesho kwa bisibisi bila kuacha kovu naweka, kama kinahitaji drili au kukata siweki.

mawimbi_nrb

Dada umesema sawa kuhusu daiodi. Na pia daiodi inawaka papo hapo kabla valvu zingine hazijapata joto, HT inapanda mpaka juu kabisa hakuna anayeivuta.

dada_ohm

Hilo la pili sio hoja sana kaka, 5Y3 nayo inapashwa filamenti moja kwa moja, inawahi kuamka kabla ya wenzake vilevile. Volti ndio tatizo.

mawimbi_nrb

Haya, nimepokea.

bu_salim_mct

Nami nakubali kipimo cha bisibisi, ingawa roho inauma. Lakini kijana asiiwashe kwa pupa, tumwambie utaratibu kwanza, haya ya mita na kiraka tutagombana baadaye.

dada_ohm

Kweli. mwana_tanga soma hapa taratibu, ndani humo kuna volti za kuua mtu na kapasita zinashika chaji hata baada ya kuchomoa, kwa hiyo zitoe chaji kwa rezista yenye waya uliofunikwa, sio kwa bisibisi, na mkono mmoja uwe mfukoni.

Waya wa umeme ule wa zamani wa nyuzi mbili utupe. Weka wa nyuzi tatu, wa ardhi ufunge kwenye chesisi, plagi ya pini tatu iwe na fyuzi ya 3A. Angalia transfoma imefungwa kwenye tapu ipi, hizi zina tapu za volti tofauti, usishangae ukakuta imewekwa chini kuliko 230. Kama ndani kuna waya za mpira uliokauka zinapukutika ukizigusa, hizo zibadilishwe kabla ya yote, huo ni ugonjwa wa hizi redio unaojulikana.

Halafu kapasita. Utaona vibati vya mstatili vimefungwa pembeni kwa skrubu, kibati kimoja huwa na kapasita mbili au tatu za karatasi ndani ya mafuta. Zilikuwa bora sana siku zake ila leo nyingi zinavuja umeme. Vaa glavu, mafuta ya kapasita za enzi hizo yanaweza kuwa na PCB ambayo ni sumu, usioshe kwenye sinki la jikoni. Mwenye subira anafungua kibati kwa moto, anatoa vya ndani, anaweka kapasita mpya za plastiki za 630V ndani ya kibati kile kile na kukifunga, kwa nje huoni kitu. Asiye na subira anazifunga chini ya chesisi anaviacha vibati kama mapambo. Zote mbili ni halali.

Ya kwanza kabisa kubadilisha ni ile inayopeleka sauti kwenye gridi ya 6K6GT (valvu inayoendesha spika). Ikivuja inapeleka volti chanya kwenye gridi, valvu inavuta mkondo bila breki, na kinachoungua sio valvu peke yake bali transfoma ya spika, na hiyo kuipata nyingine ni kilio. Usipobadilisha kitu kingine badilisha hiyo.

Kisha uwashe kupitia balbu ya zamani ya filamenti, wati 60 au 100, iliyofungwa mfululizo na redio. Ikiwaka kwa nguvu na haipungui, zima, kuna shoti. Ikiwaka halafu ikafifia, endelea.

dj_kibatari

Mimi ndio huwa nafanya hizo za Bluetooth (sio niliyemshauri jamaa lakini). Msitutukane, redio tunazotoa matumbo ni zile ambazo transfoma imeungua na panya wameshakula waya, zingekwenda kwa wanunua chuma. Hii yenye kioo kizima na nobu zote nisingeigusa hata mimi.

mawimbi_nrb

Heshima yako Dj. Afadhali hiyo kuliko kuyeyushwa.

Kijana, kingine, usizungushe skrubu yoyote ya koili au za IF kabla redio haijaongea. Watu wakiona skrubu mkono unawawasha. Redio ikiwa bubu sababu ni kapasita au rezista iliyopanda thamani au valvu, mara chache sana ni hizo skrubu, na ukizivuruga bila jenereta ya mawimbi huna pa kurudi. Swichi za bendi zisafishe kwa dawa ya kontakti na brashi laini, usipulize WD-40 huko.

mwana_tanga

Wakuu nawashukuru mno, nimerudi na majibu. Tapu ilikuwa kwenye volti za chini kama dada alivyosema, nimeihamisha. Daiodi nimechomoa, 5Y3GT nimeipata kwa mzee mmoja anayetengeneza maampli ya gitaa. Vibati nimefuata njia ya wasio na subira, nisameheni. Ile kapasita ya 6K6 nilipoipima ilikuwa inavuja haswa.

Bati la 6BE6 limeshikwa na skrubu za kiwandani, hakuna tundu jipya. Na noizi limita ipo, haijang'olewa, amechukua tu mawimbi kutoka IF ya mwisho kwa kikapasita kidogo na sauti inapita kwenye swichi aliyoiweka nyuma, upande mmoja AM ya kiwandani upande mwingine SSB yake. Yaani aliacha njia zote mbili! Mkaza mjomba nilipomwonyesha akasema siku anafunga hiyo walikosana kwa sababu alitumia meza ya kulia chakula.

Niliwasha kwa balbu, ikafifia, sauti ikaja. Kwenye AM stesheni za usiku zinaingia mpaka najikuta nasikiliza Kiarabu. Kwenye mita 40 nasikia watu wanaongea lakini kuwashika ni kazi, nikigusa nobu kidogo wamepotea, na sauti inakuwa ya bata hata kwenye swichi ya SSB.

mawimbi_nrb

Aliweka swichi! Huyo mzee alikuwa fundi, Bu Salim sasa unasemaje?

Kuhusu kuwashika, hiyo ni hali ya redio yenyewe. Bendi yako ya tatu inaanza 4.45 inaishia 12.15 MHz, na mita 40 huku kwetu ni kutoka 7.000 mpaka 7.200 tu, kwa hivyo watu wote wamebanwa kwenye kipande kidogo cha kioo. Tumia ile skeli ndogo ya namba 0 hadi 100, andika kwenye daftari namba za kila mahali, ndio zamani walivyofanya. Mita 20 utaona ni rahisi kidogo, iko kwenye bendi ya nne ambayo ni fupi, 11.9 mpaka 16.6. Na uipe redio muda ipate joto, nusu saa au zaidi, la sivyo itakuwa inahama wewe unaifukuza.

dada_ohm

Sauti ya bata: AVC (inayorekebisha nguvu yenyewe) zima, weka mkono. AF gein (ya sauti) fungua karibu yote, RF gein (ya mawimbi ya antena) rudisha chini kabisa halafu panda pole pole mpaka usikie mtu. Watu wanafanya kinyume, RF juu sauti chini, mawimbi makubwa yanaizidi nguvu BFO na unapata bata. Hii inasaidia hata kwenye AR88 isiyo na 6BE6, kwa hiyo kabla mtu hajaamua redio yake inahitaji kuchakachuliwa ajaribu hili kwanza. Baada ya hapo chagua upana wa kati kwenye swichi ya selektiviti, na nobu ya BFO isogeze upande mmoja wa katikati kwa mita 40, upande wa pili kwa mita 20, maana 40 wanaongea LSB (upande wa chini wa mawimbi) na 20 wanaongea USB (upande wa juu).

bu_salim_mct

Nasema mwenye kuweka swichi ya kurudi kwenye asili hakuharibu kitu, yeye na mimi tungeelewana. Bati libaki. Ila mita bado siipendi.

Kijana, fanya jambo moja, chora mchoro wa alichofanya, kila waya na thamani ya kila kapasita, uubandike ndani ya kifuniko. Mie nimenunua redio za watu na ndani kuna kazi ambayo hakuna aliye hai anayejua ni ya nini, unakaa wiki unafuata waya.

mwana_tanga

Dada ohm nakuita mwalimu, RF chini sauti juu na watu wakaongea kama binadamu! Jana usiku nimesikiliza mazungumzo mwanzo mpaka mwisho kwenye 7.1 na kitu. Mchoro nitauchora Jumamosi, mita inabaki (samahani mzee Bu Salim), onyesho la dijitali nimeachana nalo, daftari linatosha.

Swali la mwisho, antena yangu ni waya tu nimeurusha kutoka dirishani mpaka kwenye mnazi, upepo wa bahari ukivuma unakatika. Mnafungaje nyie?

mawimbi_nrb

Usifunge kwenye mnazi moja kwa moja, mti unayumba. Weka kapi juu, kamba ipite, mwisho wa kamba ning'iniza kidumu cha maji cha lita tano, mnazi ukienda kidumu kinapanda, ukirudi kinashuka, waya unabaki umekaza. Na ule waya uchomoe kwenye redio mvua za radi zikianza.